Kwa Nini Njia Ilipinda Mwambani

Jumatatu, 25 Machi

Mawaridi yamefika leo, lori zima kutoka Naivasha, nami nimeyapokea kama mtu anavyopokea wakwe: uso unacheka, macho yanahesabu kasoro. Gershom, msimamizi wangu wa vibarua, aling'oa jani moja, akalisugua kwa vidole, akasema, "Dada Nduku, haya ni maua ya baridi. Hapa ni Likoni." Nikamwambia apande, aache unajimu.

Nimeanza daftari jipya kwa sababu ya mazoea. Kule Yokohama, nilikopelekwa miezi mitatu kusomea bustani za mjini, mwalimu wangu Bibi Morita alitulazimisha kuandika kila siku: mvua, upepo, kilichoota, kilichokufa. Halafu akasema tuandike na kilichotutia wasiwasi. Kwangu hilo la mwisho ndilo hujaza ukurasa.

Bustani aliyotufundishia iko ukingoni mwa bahari, inaitwa Yamashita. Ni ndefu na nyembamba, kama mkeka uliotandikwa kando ya maji. Njia ya mbele imenyooka mwanzo hadi mwisho, katikati pana chemchemi, kuna uwanja mpana wa majani ya kukalia, mawaridi upande wa ndani, na meli kuukuu iliyofungwa pale ukingoni watu wanaiingia kutazama. Ukiiona utadhani imekuwapo tangu dunia kuumbwa. Kumbe mwaka 1923 mji ulitetemeka ukaungua, na vifusi vya nyumba vikasukumwa baharini. Juu ya vifusi hivyo, miaka saba baadaye, wakafungua bustani. Baada ya vita Wamarekani wakajenga nyumba za wanajeshi wao humo humo. Wakaondoka, majani yakarudi. Siku moja nikipalilia nilifukua kipande cha kigae kilichoungua. Nilimwonyesha Bibi Morita nikidhani atafurahi. Alikirudisha shimoni, akakifukia kwa kiganja, akaendelea na kazi, na sikumwuliza kitu.

Nimerudi na ndoto hiyo nikaitetea hadi wakubwa wa mradi wa kuendeleza ufuo wakachoka kunisikiliza, wakakubali. Bustani ndogo hapa Mwambani, Likoni, kwenye ufuo ambao nyumba zake zimenunuliwa na kubomolewa. Njia imenyooka, chemchemi, mawaridi. Nyumba mojawapo iliyobomolewa ni ya mama mkwe wangu, Mama Jumwa. Sasa anaishi nasi Frere Town, chumba cha nyuma. Tangu ahamie hajanitupia neno baya hata moja, na hilo ndilo linanitisha.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mawaridi yamebabuka majani kwa upande unaotazama bahari.

Jumamosi, 6 Aprili

Nusu yamekufa. Bwana Absalom, mkandarasi wetu, alipiga simu nikiwa kwenye feri, akanifokea watu wote wakasikia: "Ufunguzi ni Siku ya Madaraka, Juni mosi, Nduku. Nataka maua pale, hata kama utayachora." Kama kwamba mimi ndimi niliyetia chumvi baharini.

Gershom amefiwa na baba yake, ameenda kwao Kaloleni. Matanga ya huko hayaishi upesi, na kwa vile mvua imeshika atapanda na mahindi huko huko. Nilimpa pole, na huku nampa pole nilikuwa nawaza mawaridi. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepata! Naandika kwa furaha, kitu ambacho kwangu ni kigeni.

Leo greda lilikwama kwenye tope, ikabidi vibarua wasawazishe kwa majembe. Nikawa nazungukazunguka nikilaani kila kitu, hadi nikafika kwenye magofu ya jiko la nje la Mama Jumwa. Jiko lenyewe la udongo limeyeyuka na mvua, limebaki tuta tu. Nyuma yake, palipokuwa na mkoche, nikaona kichaka kipana kama godoro, maua madogo ya rangi ya waridi, majani yanang'aa. Pepo zote za bahari zinakipiga na hakijali. Mizizi yake mizee, shina lake gumu kama kidole cha mkulima. Kwetu Makueni nimeyaona maua haya mlangoni kwa shangazi yangu tu, pambo la kawaida, mbuzi wakiyapita.

Nilikikata chote. Nilitoa mkasi wangu nikakikata hadi chini kabisa, kila tawi kwa mshazari kama nilivyofundishwa, nikaacha visiki tu ardhini. Mbegu nazo nikazikung'uta kwenye leso. Nimebeba magunia mawili ya vipandikizi hadi nyumbani, na abiria wa feri wakaniuliza kama nauza mchicha. Uani Frere Town nimevitia kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya miche, hadi kiza kikaingia. Sasa bustani yangu ina maua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama Jumwa ametoka asubuhi akaona viriba. Alisimama.

"Umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Kwako, Mama. Pale nyuma ya jiko. Nimeyaokoa, maana leo wanatandika mchanga na kabro, yale matofali ya njia."

"Umeyaokoa," alisema. Akarudi ndani. Chai hakunywa.

Jumapili, 14 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Anasema miguu. Munga amenuna nami, anadhani nimemkosea mamake. Mume wangu huyu ni mtu wa adabu mpaka anachosha. Kule bandarini anakofanya kazi, mwenzake akimzidi umri hata kwa juma moja, Munga atampa shikamoo, na yule atake asitake ataitikia marahaba. "Umemwambia nini mama yangu?" Sijamwambia kitu. Labda ndilo kosa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua usiku na mchana. Kuna jambo ambalo silielewi. Alfajiri niliamka kwenda kutazama viriba nikamkuta Mama Jumwa yuko nje, kanga kichwani, anavisogeza kimoja kimoja chini ya bati visilowe kupita kiasi. Anaongea navyo kwa Kigiriama, kwa sauti ya chini. Aliponiona akanyamaza. Nikasema, "Mama, utaugua, acha nifanye mimi." Akasema, "Wewe una kazi nyingi."

Huyu mama ananichukia, au amezeeka ghafla, au kuna neno limemkaa kooni. Nikimwuliza ananiambia mvua ya mwaka huu ni nyingi.

Jumamosi, 27 Aprili

Mizizi imetoka. Haikufa hata miche kumi.

Jumatano, 8 Mei

Tumepanda. Kina mama wa kupanda niliwatoa kanisani kwetu Changamwe, watu wa bara kama mimi, maana vibarua wa Gershom wengi wamekwenda kulima. Eddah, mmoja wao, aliongoza wimbo. Hadi saa tisa njia yote imepambwa kushoto na kulia, na kuzunguka chemchemi, na mahali pa mawaridi ya marehemu. Njia yangu imenyooka, maua yamepangika. Nilipiga picha nikamtumia Bibi Morita. Akajibu kwamba ni pazuri sana, na akauliza chini yake palikuwa na nini. Nikamjibu: nyumba tu.

Jumatatu, 13 Mei

Kijana wa bodaboda alisimama barabarani akatazama bustani, akacheka, akasema, "Mama, huku mnazika lini?" Sikumwelewa. Nimetembea na maneno hayo siku nzima kama mchanga kwenye kiatu.

Alhamisi, 16 Mei

Gershom amerudi.

Alishuka na mfuko wake begani, akaingia getini hatua tatu, akasimama. Akavua kofia. Nikadhani ni kwa ajili ya uzuri.

"Dada Nduku, nani amekwambia upande haya?"

"Si yamepona? Wewe ndiye ulisema mawaridi hayatapona."

"Haya ni maua ya makaburini," alisema. Hakupaza sauti. "Huku kwetu mtu hapandi haya penye watu hai. Ukiyaona mahali unajua pana mtu amelala. Baba yangu nimempandia juzi."

Nikacheka. Nasikia aibu kuandika, lakini nilicheka, kwa vile mwili haukujua kitu kingine cha kufanya. Kisha nikakumbuka yule kijana wa bodaboda. Nikakumbuka kwamba juma zima geti liko wazi na hakuna mtoto hata mmoja wa Bofu, mtaa wa jirani, aliyeingia kucheza. Jana nilimwona mama mmoja akimvuta bintiye mkono asikanyage. Nimejenga bustani nzima na watu wa hapa wanaona kiwanja cha maiti.

Halafu, nikiwa kwenye feri narudi, nikajiuliza. Kama maua haya yakiwapo mahali pana mtu amelala, pale nyuma ya jiko alikuwa amelala nani?

Ijumaa, 17 Mei

Sikwenda kazini. Munga alipotoka, niliingia chumba cha nyuma nikakaa chini, kwenye mkeka. Nikasema, "Mama, nisamehe, sikujua. Niambie ni nani."

Alikuwa anachambua mchele. Alitoa jiwe moja, akaliweka kando.

"Kifungua mimba wangu si Munga," alisema. "Nilizaa msichana kabla yake. Alikaa siku chache tu. Jina alikuwa hajapewa. Kwetu mtoto wa namna hiyo hatangazwi. Hakuna matanga, wanaume hawaitwi. Mama yangu na mama mkwe wangu walimzika nyuma ya jiko, wakapanda yale maua, wakaniambia nisilie asije akaharibika anayekuja. Nikanyamaza. Nikapika hapo miaka yote, mgongo wangu kwake. Kila nikimwaga maji ya kuosha mchele namwagia na yeye."

Nikamwuliza kwa nini hakusema watu wa vipimo walipokuja kuuliza kama kuna makaburi. Makaburi ya watu wengine yalihamishwa, na maombi yakafanywa.

"Waliwauliza wanaume. Na wanaume hawajui. Mimi nami nikawaza, nikisema watamchimba, watapata nini? Watachota udongo kwenye gunia waseme ndiye. Bora alale. Nilijua wanatengeneza bustani ya maua, na mwanangu Nduku ndiye fundi. Nikasema, maua si yatakuwa maua? Yale hayafi. Nitakuja nikae karibu naye kama watu wengine wanavyokuja kupunga upepo, na hakuna atakayeniuliza kitu."

Sikuweza kumtazama. Alinyoosha mkono, akanipa ungo nimsaidie. Tukachambua mchele wote, hata ule uliokwisha kuwa safi.

Kwa hiyo wiki zile alizokuwa akivisogeza viriba chini ya bati, alikuwa akimlaza mtoto wake pasipovuja. Nami niliandika hapa kwamba ananichukia. Nimerudi kusoma ukurasa ule na nimeona uso wangu unawaka moto.

"Munga anajua?"

"Hapana. Na usimwambie. Nitamwambia nikishajua dada yake alipo."

Jumapili, 19 Mei

Tulikwenda mimi na Mama baada ya ibada, mvua ikinyesha. Nilimshika mkono getini. Alitazama maua yale yote, kushoto na kulia, akasema polepole, "Umemtawanya, mwanangu." Hakusema kwa hasira. Ningetamani angenipiga.

Alitafuta jiko lake. Jiko halipo. Akatafuta mkoche, umeng'olewa. Akahesabu kwa macho kutoka baharini, kutoka barabarani, akasimama kwenye majani akasema, "Hapa." Akasogea. "Au pale. Nduku, ilikuwa wapi?" Nami niliyekikata kile kichaka kwa mikono yangu sikujua. Ukishatandika mchanga na kabro, kila mahali ni pale pale. Ramani ninayo, inaonyesha nyumba ya mawe, lakini jiko la udongo nani alilipima?

Tulisimama hadi mwavuli ukapinduka na upepo.

Jumanne, 21 Mei

Bwana Absalom amepata habari. Wakubwa wa mradi wamepigiwa simu na watu wa Bofu. "Ng'oa yote," alisema. "Leo. Panda majani tu. Ufunguzi hauna hata majuma mawili na wewe umenipandia makaburi."

Nilimwomba kichaka kimoja kibaki, pale Mama alipoonyesha. Akauliza sababu. Nilikuwa nimekatazwa kuisema. Nikanyamaza, akasema basi, sababu hakuna.

Kina Eddah waling'oa bila kuimba. Mkokoteni ukajaa mara nyingi. Nyumbani kimebaki kiriba kimoja kilichosahaulika nyuma ya pipa, na Mama amekichukua akakiweka dirishani kwake.

Jumapili, 26 Mei

Mvua. Mama anakula kidogo. Munga anataka kumpeleka hospitali. Mimi najua ugonjwa, na dawa yake nimeifunika kwa kabro.

Jumamosi, 1 Juni, Madaraka

Imefunguliwa. Mahema, hotuba, utepe. Watoto walikimbia kwenye njia iliyonyooka hadi chemchemini. Kila walipokanyaga mimi niliwaza, ni hapo? Au hapo? Watu walinisifu, nikawashukuru. Mama Jumwa hakuja.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua inapungua. Natembea njia yote kila asubuhi kwa kisingizio cha kukagua kabro. Gershom ananitazama, hasemi kitu. Zamani nilimwona mtu wa maneno ya kukatisha tamaa. Sasa naona ni mtu ambaye hujua muda wa kunyamaza, na mimi sina hata chembe ya elimu hiyo.

Jumanne, 18 Juni

Miche midogo ya yale maua inachipua huku na huku, mbegu zilizodondoka tulipokuwa tunang'oa. Vibarua wanaing'oa kama magugu. Kila waking'oa moyo unanipasuka, kisha najiambia, hii si kitu, hii ni mbegu tu.

Jumamosi, 22 Juni

Asubuhi, katikati kabisa ya njia, hatua chache kabla ya chemchemi, kabro mbili zimeinuka kidogo. Kati yake limetoka jani. Majani manne, yanang'aa.

Nilijiambia ni mbegu. Nikapiga magoti ili niing'oe kabla mtu hajaiona. Haikung'oka. Nikaivuta, ikashikilia. Nikachukua bisibisi ya Gershom nikainua kabro moja, nikachota mchanga kwa mkono. Chini yake palikuwa na shina gumu, zee, nene kama kidole. Na limekatwa kwa mshazari.

Hakuna mtu mwingine Mwambani anayekata hivyo. Ni mkasi wangu. Nimeutazama ule mkato, nikakaa chini palepale kwenye njia yangu iliyonyooka, nikalia hadi watoto wakaja kuangalia.

Gershom alikuja. Alitazama shina, akanitazama mimi. Hakuuliza. Alikwenda akaleta mtaimbo na toroli, akaanza kutoa kabro upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Hadi adhuhuri pamekuwa na duara la udongo ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja, visiki vyote vipo, vitatu vinachipua.

Nimempigia Mama. Nilisema, "Mama, nimempata." Kisha akasema, "Mnyunyizie maji kidogo, nakuja kesho na Munga."

Bwana Absalom amefika saa nane, jasho likimtoka, picha imeshamfikia kwenye simu. "Unavunja kazi iliyofunguliwa? Njia hii inanyooka, wewe mwenyewe ndiye uliniimbia Yokohama, Yokohama!"

Sikuweza kunyamaza mara ya pili. Mama ataniwia radhi. Nikasema, "Pana kaburi. La mtoto. Nilikuwa silijui, sasa nalijua."

Alitazama lile duara. Mtu huyu nimemwandika humu kama mbwa anayebweka kwenye simu, nami sikuwahi kumwuliza hata kwao ni wapi.

"Mwenye mtoto yupo?" aliuliza.

"Ni mama mkwe wangu."

"Ah." Akafuta uso kwa leso. "Kwetu hata barabara ya gari huzunguka kaburi la mtu. Ipindeni. Wakiniuliza, nitasema ni bomba la maji." Alikwenda kwenye gari, akarudi. "Na ipindeni vizuri. Isionekane kama kosa."

Jumapili, 23 Juni

Jua. Tulifika mapema kabla watu hawajajaa. Gershom alikuwa amekwisha kuipinda njia tangu jana jioni, upole upole, inakuja imenyooka kutoka getini, inazunguka lile duara, inarudi kwenye mstari. Watu wa mwanzo walipita wakafuata mpindo bila hata kufikiri. Wakiona kijichaka kimoja kimezungushiwa mawe, wakubwa wanajua, wanapita pembeni kwa heshima. Watoto hawajui, nao wanapita pembeni kwa sababu njia imewaambia hivyo.

Mama Jumwa alikuwa na kile kiriba chake mkononi. Alikaa chini, akachimba kwa kidole, akakipanda kando ya visiki. Hakulia. Alimwita Munga, ambaye alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, haelewi tumekuja kufanya nini.

Alimweleza kwa Kigiriama, maneno machache. Mimi sikuyafuata yote, ila nilisikia jina, Kadzo, jina la bibi yake, ambalo mtoto yule angepewa. Nilimwona mume wangu akitazama udongo, akamtazama mamake, akatazama udongo tena. Mwanamume mzima, wa kupakua makontena, midomo inamcheza.

Alivua viatu. Akachuchumaa, akainamisha kichwa kwa adabu yake ile ile inayochosha, akasema:

"Shikamoo, dada."

Upepo ulipita, hakuna aliyejibu. Ndipo Mama Jumwa akainua uso na kumwitikia kwa niaba yake, kwa sauti nyembamba, kama vile mama anavyomwitikia mgeni akiwa amempakata mtoto asiyejua kusema bado.

"Marahaba."